Picha za usiku za Remington: mbona kijani, na mwezi wenyewe uko wapi?

Kanvasi_Mbovu
Wakuu salama? Naomba msaada kwa wanaojua uchoraji maana nimekwama. Mimi nachora rangi za mafuta, kazi yangu kubwa ni zile picha za kuuzia watalii, mbuyu, jua linazama, Mmasai kasimama na fimbo, mnazijua. Sasa kuna mteja kaja na oda tofauti kabisa, anataka wachungaji na ng'ombe usiku wa mbalamwezi, picha kubwa ya kuweka sebuleni. Nikasema sawa bosi, advansi nikapokea, nikachora, ikatoka kama mtu kachora mchana halafu akaimwagia wino wa bluu. Nikaifuta yote.

Ndo nikaanza kuperuzi kutafuta nani aliwahi kuipatia hii kitu, nikaangukia kwa huyu Mmarekani Frederic Remington, yule wa makauboi na farasi. Nilikuwa namjua kwa picha za vumbi na bunduki mchana kweupe, kumbe miaka yake ya mwisho kachora usiku mwingi tu. Kuna moja inaitwa "Moonlight, Wolf", mbwa mwitu mmoja kasimama ukingoni mwa maji anakuangalia wewe, macho yake ni vidoti viwili tu vya rangi vinavyong'aa, juu nyota, na chini kwenye maji nyota tena. Basi. Hakuna mtu, hakuna farasi, hakuna kitu. Na nywele zinasimama.

Sasa maswali yangu, mbona usiku wake ni wa kijani wakati sisi wengine wote tukisema usiku tunakimbilia bluu? Halafu mwanga wa mwezi umejaa picha nzima ila mwezi wenyewe siuoni, uko wapi? Na hivi alikuwa anachoraje, maana nyikani huko zama zile hakuna umeme, unachanganyaje rangi gizani? Au ni mambo ya studio tu jamaa anatuchezea akili?

Mwalimu_Burashi
Mkuu umeuliza vizuri, nitaandika ndefu kidogo mnivumilie.

Tuanze na mwezi maana ndo rahisi. Mwezi uko nyuma yako wewe unayeangalia, au juu ya kichwa chako nje ya fremu. Angalia vivuli. Picha zake nyingi vivuli vya farasi vimeanguka chini ya miguu yao au vimesogea kidogo tu, maana yake mwanga unatoka juu na upande wako. Wachoraji wengi wa zamani walikuwa wanaweka mwezi katikati mawinguni halafu kila kitu cha mbele kinakuwa cheusi tii, unaona umbo tu. Jamaa akageuza. Mwezi ukiwa nyuma yako unammulika farasi usoni, unapata rangi, unapata misuli, na bado ni usiku. Zipo alizoonyesha mwezi, mfano "The Outlier" ya 1909 iliyopo Brooklyn Museum, mpanda farasi mwenyeji asilia wa Marekani kakaa na bunduki yake na mwezi mpevu uko nyuma yake, ila hata pale kaufanya mwezi uwe umepauka, haupigi kelele.

Kijani sasa. Hii ni jicho lenyewe. Ndani ya jicho tuna seli za aina mbili za kupokea mwanga, kuna zinazofanya kazi mchana na zinaona rangi zote, na kuna za gizani ambazo rangi hazizijui ila zinashtuka haraka kwa mwanga wa upande wa kijani-bluu. Giza likiingia zile za mchana zinalala, nyekundu inakuwa ya kwanza kufa, inageuka nyeusi, na majani yanabaki yanaonekana kuliko ua lake. Mtaalamu wa Kicheki, Jan Purkyně, aliliona hilo karne ya 19 mwanzoni na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Cha ajabu mwanga wa mwezi ukiupima kwa mashine sio wa bluu wala kijani, ni mwanga wa jua huohuo umegonga mawe ya mwezini ukarudi, tena umeegemea wekundu kidogo. Kwa hiyo bluu ya usiku na kijani cha usiku vyote viko kichwani mwetu. Remington hakudanganya, alichagua upande mwingine wa jambo lilelile, na mimi naona kachagua vizuri zaidi maana bluu ilishachoka na kadi za Krismasi.

Kuhusu alikuwa anachorea wapi, hapo ndo utacheka. Nyikani alishaenda sana ujanani, alijaribu hata kufuga kondoo Kansas 1883 akashindwa kabla ya mwaka au miwili kupita, akasafiri na askari, akatengeneza jina kwa kuchorea magazeti kama Harper's Weekly. Lakini hizi za usiku, ambazo zinapita 70, kazichora kati ya 1900 hivi na 1909, na karibu wakati huo wote anaishi New Rochelle, kitongoji karibu na New York City, ana nyumba nzuri na studio, na kiangazi anakwenda kwenye kisiwa chake kidogo mto St. Lawrence karibu na mpaka wa Kanada. Mwili ulishajaa, inasemekana anakaribia kilo 135, hata farasi wa kumbeba ni shida. Na zaidi ya yote, hiyo nyika yenyewe ilishakwisha. Sensa ya Marekani ya 1890 ndo iliyofanya serikali iseme ule mstari kati ya makazi ya walowezi na nyika haupo tena. Kwa hiyo ile mbalamwezi ni ya kisiwani na ya kitongojini, farasi ni wa kukumbuka.

Halafu kuna kitu watu wanakipita. Magazeti ya enzi zile yalikuwa yanachapa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo jamaa miaka karibu ishirini mkono wake umezoea kufikiria mwanga na giza, rangi hazijui vizuri, na wakosoaji walikuwa wanamsema kila siku kwamba wewe ni mchora vielelezo vya magazeti tu sio msanii. Ikamuuma. Mwaka 1899 akaona maonyesho ya Charles Rollo Peters, mchoraji wa California aliyekuwa anachora mbalamwezi peke yake, na kabla ya hapo mchoraji mwingine, Whistler, alishachora usiku wa mto Thames miaka ya 1870. Remington akaona mlango huo. Ukitafakari, usiku ndo sehemu pekee ambayo mtu asiyejua rangi lakini anajua mwanga anaweza kumshinda anayejua rangi. Miaka ya 1907 na 1908 akachoma moto turubai zake nyingi za zamani, na maonyesho yake ya Desemba 1909 pale jumba la sanaa la Knoedler, New York, wakosoaji wakakubali hatimaye. Mwezi huohuo tarehe 26 akafa kwa kidole tumbo, miaka 48.

Chizi_Fresh
"Mwezi uko nyuma yako" nimegeuka nikakuta shemeji ananiangalia kwanini nimeshika simu saa saba usiku

Kanvasi_Mbovu
😂😂 pole mkuu

Mwalimu shukrani sana, hiyo ya vivuli sikuiona kabisa. Ila kuna kitu kinanisumbua, jana nimetoka nje na simu, mwezi umejaa, nikapiga picha ili niwe na kitu cha kuiga, simu imeleta anga la bluu na majani ya kijani kama saa tisa mchana, nyota ndo zinakuambia kwamba ni usiku. Sasa kipi ni kweli, simu au jicho?

Mwalimu_Burashi
Vyote, ila mteja wako ana macho, hana lenzi. Simu inakusanya mwanga sekunde kadhaa halafu inaujumlisha, na kwa kuwa mwezi unarudisha jua lilelile, ukiukusanya wa kutosha unapata mchana. Jicho haliwezi kujumlisha hivyo. Jua la mchana linaushinda mwezi mpevu kwa zaidi ya mara laki tatu, fikiria hilo. Tena jicho usiku katikati pale linapolenga ndo kipofu, ndo maana nyota hafifu ukiikazia macho inapotea, ukiangalia pembeni kidogo inarudi. Usiige simu. Kaa nje dakika ishirini bila kuangalia skrini, halafu angalia, rudi ndani ukachore ulichokumbuka.

ShiftiYaUsiku_FW
Nimechelewa ila hii mada ni yangu. Niko Fort Worth, Texas, nafanya kazi usiku kwa hiyo mchana nikiwa off huwa sina pa kwenda, na hapa mjini kuna makumbusho mawili yana Remington na yote hayana kiingilio, Sid Richardson pale katikati ya mji na Amon Carter upande wa pili. Kwa hiyo hizi mnazoziona kwenye simu mimi nimesimama mbele yake.

Kitu cha kwanza niwaambie, kwenye simu zinadanganya. Simu ina mwanga wake yenyewe kwa nyuma, kwa hiyo kijani kinawaka. Ukutani hakiwaki. Unaingia chumbani unaona ubao wa kijivu-kijani, unasogea, unasimama, na kidogo kidogo vitu vinaanza kutokea, yaani jicho linazoea picha vile linavyozoea giza nje. Sijui alipanga hivyo au imetokea ila ndo inavyofanya kazi.

Pale Sid Richardson nenda kaangalie "A Taint on the Wind" ya 1906. Gari la abiria la kukokotwa na farasi linapita njia ya nyikani usiku, na farasi wamenusa kitu. Basi hiyo ndo picha nzima. Wameshtuka wanavuta pembeni, masikio na vichwa vimegeukia upande mmoja, watu juu ya gari nao wanaangalia hukohuko, na huko wanakoangalia jamaa hajachora kitu. Vichaka na kivuli. Unabaki na wewe unatafuta. Nilisimama pale nikajikuta nakagua kichaka kimoja baada ya kingine kama askari wa doria, mlinzi wa makumbusho akaniuliza kama niko sawa.

Amon Carter ndo wana "The Grass Fire" ya 1908, kundi la wenyeji wamewasha nyasi usiku ili moto wao ule majani kabla moto mkubwa haujawafikia, na hapo utaona mwanga wa aina mbili umegongana, kijani baridi cha anga na chungwa la moto limewapiga watu na farasi kwa chini. Kanvasi, hiyo kwa oda yako ni darasa. Ukisogea karibu kabisa pale mwanga wa moto ulipogusa, rangi nzito na mkono umepita haraka, ukienda gizani kalainisha, kingo za vitu zimeyeyuka huwezi kusema mgongo unaishia wapi na nyasi zinaanzia wapi. Kwa hiyo sio kwamba unaona kila kitu, unaona sehemu tatu nne alizotaka uone na kichwa chako kinajaza zilizobaki.

Na wakati wowote ukienda Washington, makumbusho ya sanaa ya Smithsonian kuna "Fired On" ya 1907. Wapanda farasi wamefika ukingoni mwa maji, farasi mweupe wa mbele kakita miguu anarudi nyuma, na kwenye maji kuna vipande vidogo vya weupe vinaruka. Ni risasi. Sasa jiulize anayepiga yuko wapi. Yuko ulipo wewe.

Binti_Karatasi
Mada nzuri lakini mnamsifia sana bila kusema upande wa pili. Hiyo hofu ya usiku ni hofu ya nani? Wale wenyeji asilia ndo wanaokatiwa ardhi yao, Desemba 1890 jeshi limeua watu pale Wounded Knee, South Dakota, wakiwemo wanawake na watoto, Remington mwenyewe alikuwa maeneo yale na jeshi kama mwandishi wa gazeti, halafu miaka kumi baadaye anachora gizani kuna mtu anawavizia wazungu. Na barua zake zipo, kaandika maneno ya chuki ya wazi kwa wenyeji, kwa Wayahudi, kwa wahamiaji. Msikwepe hilo.

Angalieni "Shotgun Hospitality" ya 1908, mzungu kakaa kwenye moto wake na bunduki mapajani, wenyeji watatu wamekuja motoni, mmoja katupa mgongo. Kila mtu anaisoma kwamba wale watatu ndo hatari. Mwenye bunduki ni mmoja tu pale na sio wao.

Mwalimu_Burashi
Dada hoja yako naikubali nusu na zaidi. Mtu alikuwa na chuki, imeandikwa kwa mkono wake, haina mjadala. Lakini kwa picha zenyewe nakuomba uangalie "The Scout: Friends or Foes?" iliyopo makumbusho ya Clark kule Massachusetts. Mwenyeji peke yake juu ya farasi, theluji, baridi unaiona, na mbali kabisa kwenye upeo kuna vidoti vya taa, na yeye ndo anayejiuliza pale ni marafiki au maadui. Safari hii hofu ni ya kwake. Sijui kama Remington alielewa alichokichora, ila amekichora.

Binti_Karatasi
Sawa, hiyo moja nakupa. Ila bado usiku wake wote ni wa kuogopa, na hapo ndo ninapotaka kufika. Waliokaa huko usiku kikweli hawakuchora hivyo! Chukua mchoraji mwingine wa makauboi, Charles Russell. Huyu alifika Montana kijana mdogo, kuanzia 1882 akafanya kazi ya kuchunga ng'ombe na farasi usiku, miaka na miaka, hiyo ndo ilikuwa ajira yake, mchana wenzake wanakimbiza ng'ombe yeye kalala. Ile kazi ilikuwa ya zamu, unazunguka kundi polepole unaimba ili ng'ombe wasishtuke, maana wakishtuka radi ikapiga wanakurupuka wote unakufa chini ya kwato, Remington kaichora hiyo "The Stampede" 1908. Sasa Russell aliyezunguka kundi usiku kwa mshahara kachora nini? 1925, mwaka mmoja kabla hajafa, kachora "Laugh Kills Lonesome", ipo Helena, Montana. Moto, makauboi wamekaa, mmoja anapiga stori, wengine wanacheka, mwezi juu, na pembeni ya mwanga kajichora mwenyewe kasimama anawasikiliza.

Kwa hiyo aliyelala nje anachora kicheko, na aliyelala kitandani New Rochelle anachora mtu anavizia kichakani. Mimi hapo najua nani namwamini.

Na kuna Ralph Blakelock, huyu alikwenda Magharibi kama 1869 peke yake, akakaa karibu na wenyeji, akarudi New York akawa anachora mahema yao chini ya mbalamwezi miaka yote. "Moonlight, Indian Encampment" ipo Smithsonian. Hakuna bunduki, hakuna anayevizia, ni watu wako kwao usiku. Akauza kwa bei ya kutupa ili alishe watoto, akaugua akili, 1899 akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na akiwa hukohuko ndani mwaka 1916 picha yake moja ikauzwa dola 20,000, wakati ule rekodi kwa mchoraji wa Marekani aliye hai. Yeye na familia hawakuipata hiyo hela.

Chizi_Fresh
Hii ya Blakelock imeniharibia siku. Kanvasi kula advansi yako mapema

ShiftiYaUsiku_FW
Binti nakuelewa lakini hapo kwa Russell na Remington sikubali moja kwa moja. Mimi nafanya kazi usiku. Tukikaa mapumziko tunacheka, kweli, stori kibao. Ila kuna ile saa tisa usiku uko peke yako kwenye korido ndefu na kitu kimeanguka mahali, hapo hakuna Russell. Wote wawili wamesema kweli, saa tofauti tu.

Binti_Karatasi
Haya hiyo imekaa vizuri, sibishi

Kanvasi_Mbovu
Wakuu nyie ni noma. Sasa nimeamua mwezi unakuja nyuma, wachungaji wawili, moto mdogo kulia, ng'ombe wengi ni migongo tu. Swali la mwisho la kifundi, huo usiku niuchanganye vipi? Nyeusi ya kwenye tyubu nikiweka inakuwa shimo.

Mwalimu_Burashi
Nyeusi ya tyubu iweke kabatini. Chukua viridian, ile kijani baridi, ichanganye na kahawia ya burnt umber mpaka upate giza linalopumua, ukitaka baridi zaidi ongeza bluu ya ultramarine kidogo. Anza kwa kupaka turubai nzima kijani-kijivu cha katikati, usianze na weupe. Kisha weka giza lako zito na mwanga wako mkali ubaoni pembeni, angalia umbali kati yao, uupunguze nusu. Usiku hauna nyeupe. Ng'ombe mweupe chini ya mwezi ni kijivu-kijani, nyeupe yako halisi itunze kwa sehemu moja tu, pembe moja, au jicho. Nyekundu za mashuka ya wachungaji ziue zote isipokuwa pale moto unapogusa, hapo acha chungwa liruke. Na kingo, tumia burashi kavu uzifute rangi ikiwa mbichi bado.

Ikikauka utaona sehemu za giza zimefifia zimekuwa kama vumbi, usiogope usipake upya, ni mafuta yamezama, zitarudi ukipaka vanishi. Na mwambie mteja asiitundike mkabala na dirisha, picha ya giza ikiangaliana na dirisha inakuwa kioo, atakuwa anajiona mwenyewe na kochi lake.

Kanvasi_Mbovu
Ukuta aliouchagua ndo uko mkabala na dirisha 😭 nampigia sasa hivi